Je, kupima oili iliyotumika maabara kuna faida kwa mwenye gari dogo?

Mleta uzi
Ndugu zangu, naomba ushauri. Nina gari la petroli nililolinunua likiwa limetumika, na sasa limefikisha kilomita 146,000. Kwa miezi mitatu hivi maji ya rejeta yamekuwa yakipungua kidogo kidogo bila kuacha tone chini ya gari, na kila baada ya wiki mbili nalazimika kuongeza kama kikombe kimoja. Oili kwenye kijiti cha kupimia ina rangi ya kawaida, injini haitoi moshi mweupe wala haigongi. Fundi wangu, ambaye namheshimu, anasema nimwage oili, niweke mpya na nisijisumbue. Jamaa yangu anayesimamia malori ananisihi nipeleke oili hiyo chafu maabara kwanza. Tatizo ni kwamba gharama ya kipimo kimoja inakaribia ile ya kubadilisha oili yenyewe. Je, kwa gari dogo kuna faida yoyote, au hilo ni jambo la wenye malori?

Fundi wa dizeli
Ndugu mleta uzi, jamaa yako hajakosea, ila anazungumza kutokana na mazingira yake. Upimaji huu ulianza kwenye kampuni za reli za Marekani miaka ya 1940, ambako injini moja ikiharibika njiani ilikuwa hasara kubwa, na hadi leo faida yake huonekana wazi zaidi kwenye mitambo mikubwa. Lori linalobeba oili lita 30 au zaidi likipimwa na kuonekana kwamba oili bado inafaa, mwenye lori anaokoa fedha halisi. Gari lako linabeba lita nne au tano, kwa hiyo ukipima ili urefushe muda wa oili, gharama ya kipimo itameza akiba yote. Kwa lengo hilo ningekushauri ufuate kitabu cha gari tu. Lakini wewe una maji yanayopotea na hujui yanakokwenda, na hilo ni swali tofauti kabisa.

Mpimaji
Nafanya kazi ya kupima oili, hivyo niruhusuni nieleze kwa kirefu kidogo. Mashine huunguza sampuli kwa joto kali sana, kila elementi hutoa mwanga wake, nasi husoma kiasi chake kwa sehemu katika milioni. Chuma hutoka hasa kwenye silinda, kranki na kamshafti (mihimili miwili inayozunguka ndani ya injini), alumini mara nyingi kwenye pistoni, na shaba, risasi na bati kwenye beringi. Kwa shida yako, ndugu, cha kutazama ni sodiamu na potasiamu, kwa sababu dawa ya kupozea injini huwa na chumvi za elementi hizo. Maji yakipenya kwenye oili huvukizwa na joto la injini na kutoweka, lakini chumvi hubaki. Ndiyo maana kijiti kinaweza kukuonyesha oili nzuri ilhali gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kifuniko cha juu cha injini na silinda, imeanza kupitisha maji.

Sampuli ichukuliwe kwa uangalifu. Endesha gari mpaka injini ipate moto vizuri, fungua nati ya sampu (bakuli la oili lililo chini ya injini), uache oili ya mwanzo ipite kwa sababu hubeba uchafu uliotuama chini, kisha kinga chupa safi na kavu katikati ya mkondo. Mililita 100 zinatosha. Usichote kwenye beseni. Andika aina ya oili, kiasi ulichoongeza njiani na kilomita ambazo oili hiyo imetembea, kwani kiwango kilekile cha chuma kinachotia hofu baada ya kilomita 3,000 kinaweza kuwa cha kawaida kabisa baada ya kilomita 10,000.

Mleta uzi
Nashukuru sana. Je, kuna tofauti yoyote ikiwa muda wote huu nimekuwa nikiongeza maji ya kawaida badala ya dawa?

Mpimaji
Ipo, tena kubwa. Kila unapoongeza maji matupu unaipunguza nguvu dawa iliyomo, kwa hiyo hata kama kuna uvujaji, dalili yake kwenye oili itakuwa hafifu. Pia baadhi ya oili hutengenezwa zikiwa na sodiamu ndani yake, kwa hiyo leta na kiasi kidogo cha oili mpya ya aina hiyohiyo tulinganishe. Na maji hayo acha kuyaongeza, kwa sababu yanaleta kutu ndani ya injini.

Mwenye gari la kituo
Mimi kipimo kilinisaidia. Majibu yalionyesha silikoni iko juu, na silikoni mara nyingi ni vumbi, ingawa gundi ya gasketi mpya nayo huweza kuipandisha. Injini yangu haikuwa imefunguliwa, hivyo tukaifuata njia ya hewa. Filta ilikuwa nzima. Tulipolegeza klampu ya bomba la mpira lililo baada ya filta, tukakuta ufa wa urefu wa ukucha, uliokuwa umejificha chini ya klampu hiyo. Nilibadilisha bomba, na kipimo kilichofuata kilionyesha silikoni imeshuka.

Mwanachama mwingine
Natofautiana kidogo nanyi. Majibu yangu yalikuwa safi, na wiki chache baadaye beringi ya kranki ikaanza kugonga. Nilielezwa baadaye kwamba mashine hiyo haisomi vizuri chembe zinazozidi takriban maikroni 5 hadi 10 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na beringi inapobanduka hutoa vipande vikubwa kuliko hivyo. Tangu siku hiyo, kila ninapobadilisha oili nakata filta ya oili, nakamua oili iliyo kwenye mikunjo ya karatasi yake, naitandaza juani na kuipitia kwa sumaku. Siku ile ningefanya hivyo ningeviona vipande kwa macho yangu.

Fundi wa dizeli
Hilo ni kweli, na mleta uzi asiliache. Ila kabla ya yote, mwambie fundi wako afunge pampu ya mkono kwenye rejeta, ajaze presha na kuiacha kwa muda huku akikagua kila kiungo. Kipimo hicho ni rahisi kuliko maabara na kinakujibu palepale.

Mleta uzi
Narudi na taarifa. Presha ilishuka polepole, na fundi alipomulika tochi chini ya pampu ya maji akaona alama nyeupe kavu kama chaki; maji yalikuwa yakidondokea chuma cha moto na kukauka kabla ya kufika chini. Pampu inabadilishwa kesho na mfumo utajazwa dawa. Mpimaji, bado nipeleke sampuli?

Mpimaji
Kama unakusudia kuliuza mwakani, usipeleke. Kama utakaa nalo miaka mingi, peleka ya sasa na nyingine utakapobadilisha oili tena, kwa sababu majibu mawili ya injini yako yataniambia mengi kuliko kulilinganisha jibu moja na wastani wa magari mengine. Na filta uikate kila mara, kama ndugu alivyosema.