Mkate wa kumimina umenigomea mara ya tatu na resipi nafuata neno kwa neno. Nakosea wapi?

MamaMapacha_Njombe: Habarini za jioni wapendwa. Mume wangu ni mtu wa Tanga, na mwezi ujao mama mkwe anakuja kukaa nasi. Nikasema nimpokee na mkate wa kumimina. Resipi nimeitoa kwenye video ya dada mmoja wa Unguja: mchele vikombe viwili uliolowekwa usiku kucha, tui zito kikombe kimoja na nusu, sukari nusu kikombe, hamira kijiko cha chai, iliki, ute wa yai moja. Unasaga, unaacha dakika 45 uumuke, unamimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, moto juu na chini. Wake una matundu kama sega la nyuki. Wangu bapa, katikati mbichi, chini kama ugali wa jana. Mara ya pili nikaongeza hamira, nyumba nzima ikanuka hamira. Jana wanangu wameniuliza kama ni kiporo.

MleviWaChai: Mpikie chapati yaishe.

FundiJiko: Dada, vikombe ulivyopimia ni vipi?

MamaMapacha_Njombe: Mchele nilitumia kikombe cha kauri cha chai, tui nikapima kwenye jagi la plastiki lenye mistari.

FundiJiko: Aaah! Kikombe cha resipi huwa kama mililita 240. Jaza hicho cha kauri maji, mimina kwenye jagi, utuambie.

MamaMapacha_Njombe: 320! Mungu wangu.

FundiJiko: Basi mchele umezidi theluthi nzima na tui limebaki lilelile. Hapo ulikuwa unapika kande za kusaga. Pimia kila kitu kwa chombo kimoja, hata kama ni kopo la maziwa.

BiMkubwa_Vuga: Mwanangu, la vikombe ni kweli, lakini kinachokumaliza zaidi ni hizo dakika 45. Huyo wa kwenye video yuko Unguja, joto la kule linaumua unga hata ukiusahau. Wewe uko Njombe, mwezi wa saba, maji ya bombani yanauma meno! Hamira kwenye baridi hulala. Tui lipashe liwe vuguvugu, ukitia kidole usishtuke. Likiwa la moto unaiua hamira kabisa. Ukishasaga (usage mpaka usisikie chenga vidoleni), weka bakuli ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya uvuguvugu, funika, kaa nalo karibu na jiko. Usitazame saa, tazama unga: upande, ujae mapovu, ukitikisa bakuli utetemeke. Ikichukua saa mbili, iwe saa mbili. Ila usiuache ulale, utachacha. Ute wa yai tia mwishoni, koroga kidogo tu. Na makaa yawe mengi juu ya mfuniko, chini machache. Watu wengi hugeuza hapo, ndipo unapopata huo ugali wako.

Mpemba_Msafiri: Naongezea: hamira ijaribu kwanza. Maji vuguvugu nusu glasi, sukari kidogo, hamira, subiri dakika 10. Isipotoa povu, tupa. Pakiti iliyofunguliwa toka Pasaka usiitegemee.

MamaMapacha_Njombe: Yangu ni ya Krismasi 🙈

MleviWaChai: Na bado unalaumu resipi.

MamaMapacha_Njombe: Mrejesho wa Jumapili. Hamira mpya, jagi moja kwa kila kitu, bakuli kwenye maji vuguvugu. Umeumuka saa nzima na dakika 50! Matundu yapo. Juu umeungua upande mmoja, makaa niliyarundika kwa furaha. Wamemaliza wote kabla sijapiga picha. Bi Mkubwa, Mungu akuweke. Sasa mume anasema mama yake anapenda zaidi bokoboko. Nani anaijua vizuri?

BiMkubwa_Vuga: Loweka ngano leo usiku, kesho nitakuelekeza.