Mrejesho: ile hofu ya usiku, nipo Kigoma

Wakuu habari zenu. Mwezi uliopita niliomba ushauri hapa, moyo ulikuwa unaenda mbio usiku, usingizi hakuna, nawaza mkopo wa biashara ya dagaa mpaka alfajiri. Asanteni sana, mlinishika mkono kwelikweli.

Kati ya mlizonishauri, mbinu ya kupumua ndo imenisaidia zaidi, navuta pumzi nikihesabu mpaka 4 natoa taratibu mpaka 6, dakika tano hivi, siku za kwanza nikawa napata kizunguzungu kumbe navuta kwa nguvu mno, nikalegeza ikakaa sawa. Asubuhi natembea kwa mguu kutoka Mwanga mpaka Kibirizi badala ya bajaji, nikifika mwaloni, pale ufukweni wanaposhushia samaki, nakuta kina mama wanaanika dagaa, ziwa limetulia, kifua kinafunguka chenyewe. Kahawa ya jioni nimeacha.

Ile ya kutolala na simu ndo imenishinda, niliilaza sebuleni siku tatu tu ikarudi kitandani. Na siku ya rejesho la mkopo ikikaribia mapigo bado yanapanda, kwa hiyo nimeenda hospitali kama dada mmoja wa humu alivyosisitiza, nimeongea na mshauri karibu saa nzima, nimelia pia. Narudi tena wiki ijayo.