Kikundi cha Familia: Gari la Baba

[Jumapili, 18:05] Dada Zuhura (Columbus): Assalamu alaykum ndugu zangu. Fundi bodi amenipigia simu leo kuhusu Mustang ya marehemu Baba. Ameondoa viti na zulia, akamwaga maji kwa mpira kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, na maji yakachuruzika moja kwa moja mahali dereva anapoweka miguu. Kutu imekula bati lililojificha chini ya kioo, na sakafu ya mbele imeoza pande zote mbili. Kabla hajaanza kuchomelea anataka kujua tunalirudisha gari lilivyotoka kiwandani mwaka 1967 au tunaligeuza liwe la kisasa, kwa sababu kazi ya bodi hutegemea injini itakayokaa mle. Tumjibu kabla ya Ijumaa.

[Jumapili, 21:40] Dada Zuhura: Watu kumi na mmoja wamesoma ujumbe wangu na hakuna aliyejibu.

[Jumatatu, 06:15] Kaka Athumani (Houston): Wa alaykum salaam, dada. Nilikuwa zamu ya usiku. Mimi nasema tuligeuze. Tuweke injini mpya ya Ford ya lita 5.0, ile wanayoiita Coyote, yenye nguvu farasi zaidi ya 400, tuweke breki za diski na kiyoyozi. Tusijidanganye kwamba tunalinda kitu adimu: mwaka 1967 Ford walitengeneza Mustang 472,121, na zaidi ya 350,000 zilikuwa za paa gumu kama hili letu. Gari linaloogopwa kuendeshwa litarudi kuoza gereji, nasi tutarudi kuchangishana.

[Jumatatu, 06:52] Salim: Shikamoo Mjomba. Naomba niseme nililolikuta mwenyewe. Namba ya utambulisho ya gari, ile iliyogongwa kiwandani, inaanza na 7F01C. Saba ni mwaka 1967, F ni kiwanda cha Dearborn, 01 ni paa gumu, na C ni injini ya silinda nane ya inchi za ujazo 289, yaani lita 4.7, yenye kabureta ya midomo miwili na nguvu farasi 200. Injini iliyomo bado ni ya aina hiyohiyo. Coyote ni pana mno kwa gari hili. Ili ikae vizuri, mafundi hukata minara ya bati inayoshikilia shokapu na springi za mbele, kisha hujenga upya mfumo wote wa magurudumu ya mbele.

[Jumatatu, 07:10] Dada Zuhura: Hilo la kukata ndilo linaloninyima usingizi. Breki za diski za mbele hufungwa kwa bolti, na mtu akitaka kuzirudisha zile za ngoma atazirudisha. Mikanda ya kupita begani nayo hufungwa kwa bolti, nami naitaka, kwa kuwa sasa kuna ya kiunoni tu na wajukuu watapanda. Lakini minara ikishakatwa, gari alilolinunua Baba kwa mshahara wa miaka miwili ya kuosha vyombo huku akisoma litakuwa limekwisha.

[Jumatatu, 11:33] Bakari (Muscat): Nimesoma yote, nitaandika baadaye. Ila mkitaja mikanda nakumbuka Idi ile ambayo sufuria la pilau lilipinduka ndani ya buti, na Baba akaendesha mpaka msikitini harufu ya bizari ikimtangulia.

[Jumatatu, 11:36] Mariamu: Wallahi nami nimeikumbuka! Mpaka msimu wa baridi ule gari lilikuwa likinukia karafuu. Nani alikuwa amelishika lile sufuria?

[Jumatatu, 11:38] Bakari: Nani kama si Athumani.

[Jumatatu, 11:41] Kaka Athumani: Nilikuwa na miaka tisa, na kona ile Baba aliikata mwenyewe.

[Jumatatu, 12:20] Dada Zuhura: Nimecheka nanyi, sasa turudi. Buti mnalolikumbuka halina sakafu nyingine: mgongo wa tanki la mafuta ndio sakafu yenyewe, kwa hiyo pilau lile lilikaa juu ya petroli. Tanki limetoboka na litabadilishwa kwa njia yoyote tutakayochagua, pamoja na mipira yote ya mafuta, maana petroli ya siku hizi ina ethanoli na mipira ya zamani haiistahimili. Hayo hayana ubishi. Naomba majibu juu ya injini na rangi.

[Jumanne, 19:02] Kaka Athumani: Rangi ibaki nyeusi.

[Jumanne, 19:09] Dada Zuhura: Athumani, weusi ule si rangi ya gari. Kibati cha mlangoni kina herufi M ya rangi, nayo ripoti ambayo Salim aliiagiza kwa Kevin Marti, anayetunza kumbukumbu za Ford kuanzia magari ya 1967, inasema vilevile: Wimbledon White, yaani nyeupe. Sote tunajua lilivyogeuka jeusi, na Baba alikuwa wapi wakati huo. Vifuniko vya rimu navyo viliondoka wiki ileile na havijaonekana mpaka leo.

[Jumanne, 19:15] Kaka Athumani: Nilijua tutafika hapa. Rangi ilikuwa imepasuka boneti nzima, nililipa kwa pesa zangu, na vile vifuniko viliuzwa ili kulipia kazi hiyohiyo. Baba alikuwa Tanga kumzika Bibi na simu ilikuwa haipatikani. Aliporudi alilizunguka gari mara moja, akaingia ndani, na hakuniambia neno hadi alipofariki. Wewe umenisemea kwa niaba yake kila mwaka tangu hapo.

[Jumanne, 19:16] Dada Zuhura: Kwa sababu nilikuwepo alipolizunguka.

[Jumatano, 03:48] Rehema (Tanga): Shikamooni nyote. Bibi yangu, shangazi yenu, amesomewa ujumbe wenu na ameniagiza niandike anavyosema, nisipunguze wala nisiongeze:

"Zuhura na Athumani, nawasalimu. Kaka yangu aliporudi huko alinipigia simu. Hakuniambia kwamba amekasirika. Aliniambia, mtoto amelipenda gari kiasi cha kulipaka rangi kwa mshahara wake, nami nimeshindwa kusema chochote, si la kumsifu wala la kumkanya. Sikuwaambia kwa kuwa hamkuniuliza. Zuhura, jambo hilo lisitajwe tena katika kikundi hiki nikiwa hai. Athumani, picha niliyonayo ukutani ni ya gari jeupe, na mama yenu amekaa mbele na kitenge chake. Lirudi jeupe, na rangi hiyo ulipe wewe. Lisikatwe. Mambo ya injini mimi siyajui, waulizeni wanaoyajua."

[Jumatano, 06:05] Kaka Athumani: Shikamoo Shangazi. Nimesikia. Rangi nitalipa.

[Jumatano, 06:30] Dada Zuhura: Shikamoo Shangazi. Nimesikia, na nimenyamaza. Athumani, nisamehe.

[Jumatano, 17:44] Salim: Kwa idhini ya wakubwa, napendekeza injini ya 289 ifunguliwe na ijengwe upya. Petroli yenye madini ya risasi, yaliyokuwa yakilinda viti vya vali, ilipigwa marufuku kwa magari ya barabarani hapa Marekani mwaka 1996, kwa hiyo vichwa vya injini viwekewe viti vigumu vya vali. Pointi za distributa zibadilishwe kwa mfumo wa kielektroniki unaokaa ndani ya kifuniko kilekile, hata hauonekani. Kuhusu safari ndefu, namwelewa Mjomba: gia boksi ya sasa ni otomatiki ya gia tatu, na kwenye barabara kuu injini hulia sana. Ipo otomatiki ya Ford ya gia nne, iliyotoka mwaka 1980, ambayo hufungwa nyuma ya injini hii kwa kubadilisha mhimili unaoishikilia.

[Jumatano, 20:12] Kaka Athumani: Gia nne naikubali. Kuhusu injini sijakubali bado. Nataka nisikie mwenyewe inavyonguruma kabla haijafunguliwa, na nitapata likizo mwezi wa tisa.

[Alhamisi, 21:00] Dada Zuhura: Nitamwambia fundi hivi: achomelee sakafu, atoboe viungo vya bati lile chini ya kioo na kuweka jipya, abadilishe tanki, asiguse minara, na rangi iwe nyeupe. Injini ingoje. Kuna jambo la namba za usajili pia. Hapa Ohio namba za magari ya kihistoria zinaruhusu maonyesho, shughuli za klabu, gwaride na kulipeleka kwa fundi tu, kwa hiyo anayetaka kulitumia kwenda kazini au sokoni aseme sasa, tuchukue namba za kawaida. Michango wametaja watatu.

[Ijumaa, 08:17] Dada Zuhura: Nimeongea na fundi, anaanza Jumatatu. Bakari, ulisema utaandika baadaye.

[Ijumaa, 16:50] Mariamu: Samahanini, nimeona leo. Mimi nipo pamoja nanyi. Shangazi, shikamoo.

[Jumapili, 02:25] Bakari: Samahani dada, wiki ilikuwa nzito. Nakubali yote isipokuwa namba za kihistoria, maana nikija Desemba nataka kulipeleka Dearborn lilikotengenezwa. Pesa nitume kwako au kwa fundi? Na viti vinarudi vyeusi, au ripoti inasema rangi nyingine?