Wix, WordPress, Behance au nibaki Instagram? Nataka pa kuonyesha kazi zangu

MwaloPicha:
Wakuu habari za jioni. Nataka tovuti ya kuonyesha kazi zangu. Wateja wangu wote nimewapata Instagram, ila sasa kuna shirika limeniandikia wanataka linki ya potifolio kabla ya wiki ijayo kuisha. Nimeangalia Wix, WordPress, Squarespace na Behance, na kila anayeniambia anasifia yake. Ipi nzuri? Wenye uzoefu naombeni msaada, sitaki kupoteza hela.

FundiWavuti:
Mkuu, kwa maelezo hayo hatuwezi kukusaidia. Kazi zako ni picha, michoro au video? Bajeti yako kwa mwaka ni ngapi? Una kadi ya kulipia nje? Utaihudumia mwenyewe au unatafuta mtu wa kukujengea? Usipojibu hayo, kila mtu atakutajia anachotumia yeye.

MamaBatiki:
Na uko wapi? Mwenye faiba nyumbani na anayepandisha picha kwa bando la simu hawapewi ushauri mmoja.

DaudiWP:
WordPress. Ipo tangu 2003, mafundi wake wamejaa kila mji, na siku ukichoka na kampuni ya hostingi, yaani inayokuhifadhia tovuti, unabeba tovuti yako nzima unahamia kwingine. Wix huwezi kufanya hivyo, ukiondoka unaanza upya. Halafu Wix ya bure inakupa anwani ndefu yenye jina lao na tangazo lao juu ya kazi yako. Shirika likifungua likaona hivyo litakuonaje?

Otieno_Nairobi:
Ndugu, usimtishe mwenzako. WordPress ni nzuri kwa mtu aliye tayari kuisasisha. Nimeona tovuti za wapigapicha hapa Nairobi zimevamiwa kwa sababu plagini, zile programu ndogo za nyongeza, hazikuguswa mwaka mzima, ukifungua unapelekwa kwenye kamari. Mpigapicha anataka kupiga picha, si kulinda sava, ile kompyuta inayobeba tovuti.

DaudiWP:
Masasisho siku hizi unaweka yajiendeshe yenyewe. Hilo si kosa la WordPress.

MwaloPicha:
Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa kazini. Niko Mwanza. Napiga harusi na sendofu, ndizo zinazonilisha, ila shirika limependa picha zangu za wavuvi na kina mama wa dagaa pale mwaloni. Bajeti isizidi laki mbili kwa mwaka. Kadi ya nje sina. Nitahudumia mwenyewe.

MamaBatiki:
Kabla hujachagua kati ya hizo, mdogo wangu, nisikilize. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako. Hayo mengine yote yanabadilika.

Mimi nachora na kupaka batiki. Nilimlipa kijana anayejenga tovuti, hati ya malipo ikaandikwa wazi kuwa domeini, yaani hilo jina la tovuti, na hostingi vimo. Tovuti ikatoka nzuri kweli, nikachapisha anwani ile kwenye lebo za vitambaa na kwenye kadi za biashara. Mwaka uliofuata nikataka kubadilisha picha za ukurasa wa mbele. Simu haipokelewi, ujumbe anausoma na hajibu. Nikamtafuta fundi mwingine, akaangalia kwenye whois, daftari la mtandaoni la wamiliki wa majina ya tovuti: mmiliki wa jina langu ni yule kijana, barua pepe ni yake, namba ya simu ni yake. Nilipompata hatimaye alitaka nimlipe upya ndipo aliachie, tena zaidi ya nilichotoa mwanzo. Wakati tunavutana muda wa jina ukaisha, hakulilipia, likachukuliwa na watu nisiowajua. Leo mteja akiandika anwani iliyo kwenye lebo yangu anakutana na kurasa za kubeti. Lebo bado ninazo maboksi, kila moja nabandika stika juu ya ile anwani kwa mkono.

Kwa hiyo ukinunua domeini, ingia mwenyewe kwenye akaunti, uone jina lako limeandikwa kama mmiliki na barua pepe unayoifungua kila siku. Nywila uwe nayo wewe.

FundiWavuti:
Mama kasema kitu kikubwa. Naongeza: .co.tz unainunua kwa msajili wa hapa nchini na wengi wanapokea malipo ya simu, kwa hiyo kukosa kadi si kikwazo.

Otieno_Nairobi:
Huku kwetu tangu 2022 kuna M-Pesa GlobalPay, unapata kadi ya Visa ndani ya simu unalipia chochote. Huko Mwanza ulizia mtandao wako wa simu kuhusu kadi ya mtandaoni.
Swali kwa MwaloPicha: unahariri na nini?

MwaloPicha:
Lightroom. Nalipia kila mwezi kwa kadi ya kaka yangu aliyeko Muscat.

Otieno_Nairobi:
Basi ungelisema hilo mapema! Kwenye malipo ya Lightroom kuna Adobe Portfolio ya kutengenezea tovuti ndani yake, huongezi hata senti. Unapanga albamu, unachagua muundo, unaunganisha domeini yako, jioni moja umemaliza. Behance nayo ni ya Adobe tangu 2012, kazi zako za kule unaweza kuzivuta zikaingia humo. Shirika utalipatia linki kesho kutwa.

DaudiWP:
Na siku kaka akiacha kulipia, tovuti inazimika. Hiyo ni nyumba ya kupanga.

Otieno_Nairobi:
Hata hostingi usipoilipia inazimika.

Shangazi_Lenzi:
Mimi bado natetea Instagram. Wateja wa harusi hawafungui tovuti, wanataka kuona picha na kukutumia ujumbe papo hapo.

FundiWavuti:
Kwa harusi sawa, asiiache. Lakini 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika kwa pamoja kwa muda wa kama saa sita. Na Januari 2025 Instagram ilibadilisha miraba ya wasifu kuwa mirefu, watu waliokuwa wamepanga kurasa zao picha kwa picha mpangilio ukavurugika. Lazima uwe na mahali pako mwenyewe.

DaudiWP:
Ndiyo maana nasema hostingi ya ndani. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, tovuti zilizo kwenye sava za Dar zilifunguka kwa watu wa hapa.

FundiWavuti:
Hakikisha tu sava iko Dar kweli. Kampuni nyingi ni za Tanzania kwa jina, sava ziko Ulaya au Marekani. Na mteja wake yuko nje, waya ukikatika hafikii hiyo sava ya Dar.

MamaBatiki:
Jamani, mbona hakuna anayezungumzia picha zenyewe? Mwanangu, usipandishe faili kama lilivyotoka kwenye kamera. Moja ina MB kumi na zaidi. Ukitoa kwenye Lightroom weka upande mrefu pikseli 2000, ubora 75, itashuka hadi chini ya MB moja na kwenye skrini hutaona tofauti. Weka picha ishirini kali, usiweke mia mbili. Harusi na mwalo zikae kurasa tofauti, shirika lisilazimike kupita kwenye keki kufika kwa wavuvi.

Shangazi_Lenzi:
Na chapa ya jina lako juu ya kila picha usisahau, wezi ni wengi.

Otieno_Nairobi:
Hapana jamani. Mhariri wa picha akiona jina kubwa katikati ya uso wa mvuvi anafunga ukurasa.

Shangazi_Lenzi:
Hao wahariri wakiibiwa picha ndio watamlipa? Mimi picha yangu ya bibi harusi iliwekwa kwenye bango la saluni, sikuulizwa wala sikulipwa. Jina dogo pembeni halimdhuru mtu.

FundiWavuti:
Kuna jambo zito kuliko chapa. Hao kina mama wa dagaa wanajua picha zao zinaenda kwenye tovuti? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023. Tafuta ridhaa yao, na picha za watoto uziombee kwa wazazi.

MwaloPicha:
Wengi wananijua kwa majina, nawapelekea nakala zilizosafishwa. Ila ridhaa ya maandishi sina. Nitarudi mwaloni Jumamosi na karatasi. Asanteni sana. Domeini nanunua leo kwa jina langu. Naanza na hiyo ya Adobe shirika lipate linki, ya WordPress bado naitafakari.

DaudiWP:
Ukianza huko hutahama, nakwambia. Nitumie ujumbe nikuonyeshe muundo mwepesi wa wapigapicha.

KaluluMichoro:
Wadau samahani kwa kuingilia. Mimi nachora kwa mkaa kwenye karatasi kubwa za A2, skana haizitoshi. Nikipiga kwa simu zinatoka za njano. Nifanyeje ziweze kuwekwa kwenye tovuti?

Shangazi_Lenzi:
Zima taa ya ndani, hiyo ndiyo inaleta njano. Bandika mchoro ukutani karibu na dirisha, jua lisiupige moja kwa moja, simu iwe sambamba na karatasi. Simu yako ni ipi?