Naombeni ushauri: masika imehama au ni miaka mibaya tu?

Wakuu, habari zenu. Nalima mahindi na maharage tambarare ya Moshi. Marehemu mzee aliniachia daftari la mvua, tarehe na milimita kwa penseli, tangu 1988. Enzi zake masika ilishika katikati ya Machi. Siku hizi napanda, mbegu zinaota, kisha jua wiki tatu, majani yanajikunja kama sigara. Vuli ya 2023 nayo, El Niño ikasomba hata matuta. Usiku joto, blanketi sijui hata liko wapi.

Najua wataalamu hupima kwa wastani wa miaka 30, ila daftari lina mapengo (mzee alikuwa akilazwa). Niyajaze kwa takwimu za TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa), au nihamie tu mtama? Mliojaribu, nielekezeni.