Tupeane uzoefu: siku programu ya takwimu ilipokugandia mkononi

Mgebuka Mkavu (Kigoma): Wadau, niko hapa Mwanga toka saa mbili asubuhi natazama kiduara kinavyozunguka. Faili la utafiti wa kaya, mistari milioni mbili na ushee, programu ya Stata, laptopu ya RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4. Nimeenda kula ugali kwa dagaa, nimerudi, kioo bado kimepauka. Aliyewahi kupitia haya aseme, nijue siko peke yangu.

Binti Urambo: Hauko peke yako kaka.

Kalamu ya Kasulu: Umenitonesha kidonda. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa mafaili mawili, moja la kaya, moja la mazao. Kila moja mistari 36,000: vijiji 120, kila kijiji kaya 300. Niyaunganishe, jedwali liende Dar kabla ya saa kumi. Nikaandika joinby kijiji, yaani unganisha kwa jina la kijiji, nikabonyeza. Kimya. Ile taa ndogo ya diski ikawaka ikabaki vilevile, haipepesi. Mashine ikaanza kuunguruma kama boti ya Kibirizi inayopambana na wimbi. Nikapindua sufuria kifudifudi, nikaiweka mashine juu yake, feni mbele. Saa sita, bado. Saa nane bosi anapiga, namjibu "inamalizia mkuu", na mimi mwenyewe sijui inamalizia nini. Saa tisa umeme ukakatika, betri ikajikongoja dakika ishirini, giza.

Jioni nikampelekea mwalimu mmoja jirani. Akasoma ule mstari mmoja, akacheka mpaka akavua miwani. "Dada, umeozesha kila kaya na kaya zote za kijiji chake." 300 mara 300 ni 90,000, mara vijiji 120 ni mistari milioni 10.8. Mimi nilikuwa na safu 400 za baiti 8 kila moja. Hiyo ni GB 34 na kitu kwenye mashine ya GB 4, ndiyo maana ilikuwa inahamishia diskini kijiko kwa kijiko. Nilipoongeza namba ya kaya kwenye amri, sekunde tatu. Siku hizi natumia merge 1:1, maana ufunguo (namba inayotambulisha kila kaya) ukijirudia inakugomea palepale.

Binti Urambo: "Umeozesha" 😂😂

Tumbaku Mbivu: Stata ni programu ya wenye pesa. Hamieni R, ya bure, mambo yaishe.

Kalamu ya Kasulu: R nayo inabeba data yote kwenye RAM. Hapo umemhamisha mgonjwa wodi tu.

Tumbaku Mbivu: Kusoma faili ndani ya R tumia fread ya data.table, acha read.csv. Utanishukuru.

Karani Mstaafu: Vijana mnahangaika. SPSS, programu nyingine ya takwimu, inasoma kutoka diskini, kwa hiyo faili kubwa kuliko RAM linafunguka. Wanaoilalamikia ni wale wanaoweka EXECUTE chini ya kila amri. Kila EXECUTE inalazimisha data isomwe upya toka mwanzo hadi mwisho. Mimi nilifuta 40 kwenye kazi ya kijana mmoja, akadhani nimemroga.

Tumbaku Mbivu: Shikamoo mzee. SPSS bado ipo?

Karani Mstaafu: Marahaba. Ipo, na adabu pia ipo.

Mnyamwezi Halisi (Tabora): Sensa ya 2022 tulihesabiwa watu 61,741,120, wewe milioni mbili zinakutoa jasho? Watu wa Kigoma bwana.

Mgebuka Mkavu: Waliohesabu hawakutumia laptopu yangu.

Mzee wa Reli (Tabora): Subirini mnisikie mimi. Nilikuwa gesti moja hapa Tabora, kesho yake nawasilisha matokeo. Nikaanzisha modeli usiku, marudio 1,000, laptopu betri limekufa, inaishi kwa waya tu. Asubuhi imefika 870, saa 14 kamili. Nikatoka kunywa chai na mihogo. Kurudi, kioo cheusi. Kwenye soketi yangu imechomekwa pasi, na dada mhudumu anaimba taratibu, ananyoosha shati. Soketi ya korido ilikuwa mbovu. Sikupiga kelele. Nilikaa kitandani nikamwangalia mpaka akamaliza kola.

Binti Urambo: Mungu wangu. Ulimfanya nini yule dada?

Mnyamwezi Halisi: Angelipa!

Kalamu ya Kasulu: Alipe nini? Kazi ya saa 14 haihifadhi hata kila marudio 50, kosa ni la mwenye laptopu.

Mnyamwezi Halisi: Na kugusa waya wa mgeni je?

Tumbaku Mbivu: Ungeiweka kwenye friji ingeshafika 1,000 kabla ya chai.

Mhasibu wa Asali (Sikonge): Jamani, mwenye uzi tumemsahau. Mgebuka, usilifungue faili. Andika describe using na jina lake, hiyo inasoma kichwa tu. Lilitokea SPSS? Nakisia jina la kijiji liko kwenye str244, yaani safu ya maandishi iliyotengewa baiti 244.

Mgebuka Mkavu: Umejuaje? Str244 kweli. Na "ndiyo/hapana" zote ni double, aina ya namba nzito kuliko zote.

Mhasibu wa Asali: Basi kila mstari unabeba "Ujiji" na baiti 239 za hewa. Mara milioni mbili, karibu nusu GB ya hewa. Ndiyo/hapana inatosha baiti 1, wewe unailipia 8. Pakia safu chache chache kwa amri ya use, piga compress (inabana kila safu ibaki na nafasi inayoitosha), hifadhi, kisha unganisha kwa namba ya mtu. Kwa namba ya mtu, umesikia yaliyompata dada wa Kasulu.

Mgebuka Mkavu: Fungu la kwanza limeingia. Limetoka MB 700 hadi 60. Nimesimama peke yangu chumbani napiga makofi.

Binti Urambo: Hongera. Sasa Mzee wa Reli, shati lilikuwa la nani?

Mzee wa Reli: Langu. Nilimwomba mwenyewe jioni yake.