Skuta imekata nguvu ghafla? Tupeane uzoefu

SpanaKumi (mwanzisha mada)

Wakuu, naomba tukusanye hapa visa vya skuta ndogo kukata nguvu ghafla. Sizungumzii ile inayochoka kidogo kidogo mwaka mzima. Nazungumzia ile uliyoilaza jana ikiwa nzima, leo inakugomea mlimani. Naanza na yangu.

Ni ya cc 125, ina kabureta. Nilikuwa nalipita lori, nikafungua mafuta, injini ikatoa mguno mzito na mwendo ukashuka. Nikirudisha mkono, inatulia. Sailensa, yaani mngurumo wa injini bila kufungua mafuta, ilikuwa nzuri kabisa na skuta ilikuwa inawaka mara moja, ila ukivuka robo ya mkono inajifunga. Nikabadilisha plagi, nikaweka filta mpya ya hewa, nikafungua jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli kwenye kabureta, na kuipuliza. Hali ikabaki ileile.

Siku ya tatu ndipo nikafungua kifuniko cha juu cha kabureta, chenye springi chini yake. Mle ndani kuna kiwambo cha mpira mweusi, laini sana, kilichoshikana na pistoni ndogo inayobeba sindano ya kupitisha petroli. Nikakiinua kuelekea juani, nikakivuta taratibu kwa vidole. Pembeni kukafunguka ufa mwembamba, urefu wake kama ukucha wa kidole cha mwisho, mwanga ukapenya. Kiwambo hicho hupandishwa na mvuto wa hewa wa injini. Kikichanika mvuto unavuja, sindano haipandi, na hata ukinyonga mkono hadi mwisho injini haipati mafuta ya kutosha. Nilipoweka kipya, skuta ikarudi kuwa yangu. Ukikifunga, hakikisha ukingo wake umekaa kwenye mfereji wake pande zote, la sivyo utakibana na kukichana tena.

Siku hizi kabla sijashika spana najiuliza swali moja: je, ni injini inayoshindwa kupanda, au injini inapanda resi vizuri lakini tairi halisukumwi? Hizo ni njia mbili tofauti kabisa, na nilipoteza siku tatu kwa kutoanza na swali hilo.

DadaSkuta

Swali lako ndilo lililoniokoa mimi, mkuu. Yangu injini ilikuwa inalia juu kama kawaida, tena juu kuliko kawaida, lakini mwendo hakuna, na kulikuwa na harufu ya mpira ulioungua. Nilipofungua kava la kushoto, vumbi jeusi lilikuwa limejaa kote. Mkanda ulikuwa umelika ubavuni na kung'aa kama kioo, na nyuzi zimeanza kuchomoza upande mmoja. Rola nazo, vile vizito vidogo vya duara ndani ya varieta (puli ya mbele inayobadilisha gia yenyewe), zilikuwa zimelika upande mmoja, hazikuwa duara tena, kwa hiyo hata mkanda mpya usingepanda vizuri kwenye varieta. Nilibadilisha vyote pamoja. Jamani, mkanda pimeni upana wake na mlinganishe na kipimo cha kitabu cha skuta yenu. Kuutazama tu hakutoshi. Na msiguse varieta kwa mikono yenye grisi, mkanda utateleza.

MzeeWaTusitroki

Sisi wa tusitroki, injini zinazochanganya oili na petroli, tuanze na eksozi. Oili inayochomwa pamoja na petroli huacha masizi, na masizi huziba tundu la kutokea moshi. Yangu ilifika hatua haipandi hata kilima cha watoto. Nilipofungua eksozi pale kwenye silinda, tundu lilikuwa limebaki dogo kama la penseli. Pistoni ikawa inasukuma moshi usio na pa kwenda. Nilikwangua kwa kijiti cha mbao, pistoni ikiwa imeshuka chini kabisa, nisije nikaikwaruza.

Ila nguvu ikikatika ghafla kwa kasi kubwa na injini ikawa kama inakazwa, zima papo hapo, usiilazimishe. Hiyo huenda oili haifiki na pistoni inataka kung'ang'ania silinda.

Kivuli7

Mimi ilikuwa breki ya nyuma tu. Waya ulikuwa haurudi. Inua tairi, lizungushe kwa mkono kabla hujafungua chochote.

Mgeni_Njiani

Shikamoo mzee, habari zenu wengine. Yangu bado inanitesa. Inakwenda vizuri dakika kumi na tano hivi, kisha inakohoa na kuzima. Nikisubiri kama nusu saa inawaka na kwenda tena. Nimeosha kabureta mara mbili.

SpanaKumi

Pole sana. Ikizima tena, fungua mfuniko wa tangi hapo hapo. Ukisikia hewa inavutwa kwa nguvu na skuta ikawaka, tundu la hewa la mfuniko limeziba na petroli ilikuwa haishuki.

DadaSkuta

Na kama haikuvuta hewa, angalia cheche injini ikiwa bado ya moto. Chomoa plagi, ivike kofia yake, igusishe kwenye chuma cha injini mbali na tundu la plagi na mbali na petroli, kisha piga stata. Ukiingoja ipoe utaikuta nzima na hutajua kitu. Kama cheche ipo, mwambie fundi apime nafasi ya valvu, zikibana huwa zinapoteza mgandamizo injini ikipata joto.

MzeeWaTusitroki

Marahaba. Fanya alivyosema dada, na usibadilishe vitu viwili kwa mpigo.

Mgeni_Njiani

Nimerudi wakuu. Mfuniko haukuvuta hewa. Plagi ilikuwa kavu, cheche hakuna kabisa. Baada ya kupoa, cheche ya buluu ikarudi. Nilikopa koili ya juu, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, kwa rafiki, ikazima vilevile. Basi nikafuata ile koili ndogo iliyo karibu na sumaku, inayoiambia CDI (kile kisanduku cha umeme kinachoendesha cheche) wakati wa kupiga cheche. Nikachomoa waya zake, nikaweka mita, usomaji upo. Nikaipuliza na kikausha nywele huku natazama mita: namba ikayumba, kisha ikapotea, kana kwamba waya umekatika. Nikaacha ipoe, ikarudi. Nilirudia mara tatu, ikawa hivyo hivyo mara zote. Jana nimefunga mpya na nimeendesha saa nzima bila kusimama.